Umbali ndio uliokuwa injini ya Game of Thrones, na televisheni iliizima

Mwanzisha uzi, Mbale

Wandugu, naomba tuzungumze kwa utulivu juu ya jambo ambalo limekuwa likibishaniwa tangu Mei 2019, iliporushwa sehemu ya 73 na ya mwisho ya Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin. Anayelalamika husema mwisho uliharakishwa. Anayetetea husema watayarishaji, David Benioff na D. B. Weiss, waliishiwa vitabu vya kufuata kwa sababu George R. R. Martin hakuwa amekamilisha hadithi yake. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini naona zinazunguka pembeni. Rai yangu ni kwamba kilichoibeba hadithi hii tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 1996 ni umbali: wahusika wametengana kwa masafa marefu, habari huwafikia zikiwa zimechelewa au zimepotoshwa, nao huamua mambo makubwa bila kujua yaliyotokea kwingine. Televisheni ilipouondoa umbali huo, hasa kuanzia msimu wa 7, sababu za matukio ziliondoka nao.

Tukitazame kitabu cha kwanza. Catelyn Stark anaondoka Winterfell, ngome ya familia yake kaskazini, kwa siri na kupanda meli White Harbor ili amuwahi mumewe Ned huko King's Landing, mji mkuu, akiwa amebeba jambia ambalo mtu alilitumia kutaka kumuua mtoto wao Bran. Huko Littlefinger anamdanganya kwamba jambia hilo ni la Tyrion Lannister. Wakati wa kurudi anakutana na Tyrion katika nyumba ya wageni iliyoko njia panda, na papo hapo anaamua kumkamata. Habari zinapofika mjini, Jaime, kaka yake Tyrion, anamvamia Ned barabarani kulipiza kisasi cha ndugu yake. Zinapomfikia baba yao, Tywin, anawatuma watu wake kuchoma vijiji vya Riverlands, nchi ya kwao Catelyn. Ned amelala na mguu uliovunjika, mkewe yuko milimani na mateka wake, na hawana njia ya kuulizana kwa nini kila mmoja amefanya alichofanya. Laiti mume na mke hao wangeweza kupigiana simu kwa dakika mbili, kitabu kingeishia hapo.

Hata umbo la kitabu linalitumikia jambo hilo. Kila sura hubeba jina la mhusika mmoja, nasi tunaona kile tu anachokiona yeye, kwa hiyo msomaji naye anakaa gizani pamoja na wahusika. Kunguru wanaopeleka barua hufunzwa kurudi kwenye ngome moja. Mtu akiihama ngome hiyo, barua haimfuati. Ukuta wa kaskazini una urefu wa maili 300, yaani kilomita zipatazo 480, na kimo cha futi 700. Kwa hapa kwetu, fikirini barabara yote ya Kampala hadi Arua ikiwa imejengewa barafu upande mmoja, halafu ilindwe na watu wasiofika 1,000 katika ngome 3 tu kati ya 19. Ndiyo maana Walinzi wa Usiku huandika barua za kuomba msaada na wafalme hawazijali: hatari iliyo mbali kiasi hicho husomwa kama hekaya.

Msimu wa 1 wa televisheni uliliheshimu hilo. Msafara wa mfalme unapoingia Winterfell tunaambiwa wamekuwa njiani kwa mwezi mzima, na uchovu wao unaonekana. Sasa linganisheni na sehemu ya 6 ya msimu wa 7. Jon Snow na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu, kaskazini ya Ukuta, kwenye kijisiwa katikati ya ziwa lililoganda. Gendry anakimbia kurudi ngome ya Eastwatch, kunguru anaruka hadi kisiwa cha Dragonstone mbali kusini, malkia Daenerys anapanda joka lake na kuwafikia wenzake wakiwa bado wamesimama palepale.

Mimi sishughuliki na hesabu ya mwendo wa kunguru, kwa sababu hadithi yenye majoka haidai hesabu za aina hiyo. Linalonikera ni kwamba mtu asiyechelewa kamwe hawezi tena kukosea kwa kutojua. Amebakiwa na kukosea kwa upumbavu. Msimu uliofuata tukalishuhudia hilo: meli za adui yake Euron Greyjoy zinamvizia Daenerys na kuliua joka lake Rhaegal, na katika maelezo yaliyorushwa baada ya sehemu hiyo Benioff akasema kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo. Mwaka 2011 wahusika walikosea kwa sababu habari haikuwafikia. Mwaka 2019 walikosea kwa sababu ya kusahau.

Mdau wa Arua

Ndugu wa Mbale, umeitaja barabara yetu, basi niruhusu niendelee nayo. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, watu wa West Nile tulizungushwa kwa njia za mbali, ikiwemo ile ya Masindi na Paraa, na bei za bidhaa na nauli zikawa mazungumzo ya kila nyumba. Tangu wakati huo ninamwelewa vizuri zaidi Walder Frey. Mzee yule hana jeshi la kutisha wala jina la heshima. Ana daraja tu, na yeyote anayetaka kuvuka mto Green Fork kwa haraka lazima akubaliane na masharti yake. Robb Stark, mwana mkubwa wa Ned na Catelyn, alikubali kumwoa mmoja wa binti zake kwa sababu hakuwa na muda wa kuzunguka. Ukiifuta gharama ya kuzunguka, agano lile linageuka kuwa jambo la ajabu lisiloeleweka.

Ila mimi nadhani televisheni ilianza kupoteza mambo mapema kuliko unavyosema, katika ndoa hiyohiyo. Kwenye kitabu Robb anajeruhiwa kwa mshale alipoiteka ngome ya Crag, na msichana wa nyumba ya adui, Jeyne Westerling, anamuuguza. Akiwa kitandani ndipo inapomfikia habari kwamba wadogo zake, Bran na Rickon, wameuawa Winterfell. Habari hiyo ni ya uongo, watoto wako hai, lakini yuko mbali mno kuithibitisha. Usiku ule Jeyne anamfariji, na kesho yake Robb anamwoa ili asimvunjie heshima. Mama yake naye, kwa uchungu wa habari ileile, anamwachilia Jaime, aliyekuwa mateka wao, akitumaini kuwakomboa mabinti zake. Uongo mmoja uliosafiri mbali ukawaangusha mama na mwana kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake.

Robb hana sura hata moja yenye jina lake. Tunaipata habari ya ndoa pale Catelyn anapoipata, mwana anaporudi Riverrun na mke. Kwenye televisheni Robb anampenda Talisa, aliyewekwa mahali pa Jeyne, tunawaona wakipendana, wanafunga ndoa. Ni mapenzi tu ya kijana. Msiba wa msimu wa 3, Robb na mama yake wanapouawa karamuni kwa akina Frey, ulitutoa machozi sote, sikatai, lakini mzigo ulihamishwa kutoka kwenye habari potofu ukawekwa kwenye tamaa ya kijana aliyevunja ahadi, na hayo ni makosa mepesi zaidi.

Binti wa Fort Portal

Kaka zangu, ninawasoma kwa heshima, lakini mnakipa kitabu sifa zote na televisheni lawama zote, nami nimezipenda zote mbili.

Kwanza, msimu wa 1 una mambo bora ambayo hayamo kitabuni kabisa. Mfalme Robert na Cersei wanakaa wawili chumbani, wanakunywa divai, wanazungumzia kwa nini ndoa yao ilikufa, na kwa mara ya kwanza wanacheka pamoja. Kitabu kisingeweza kutupa mazungumzo hayo, kwa sababu katika kitabu kile cha kwanza Robert na Cersei wote hawana sura zao. Ilibidi kamera iingie mahali ambapo hakuna shahidi. Msimu wa 2, Arya, binti wa Ned, anakuwa mnyweshaji wa Tywin Lannister huko Harrenhal. Kitabuni anamtumikia Roose Bolton. Mabadiliko hayo yalitupa mzee katili na mtoto anayeficha jina lake wakikaa meza moja, kila mmoja akimpima mwenzake kwa macho, nami nasema bila kusita kwamba yamekishinda kitabu.

Pili, kukata si dhambi. Vita vya Blackwater kitabuni vinategemea mnyororo mkubwa ambao Tyrion aliagiza ufuliwe, ukafungia meli za Stannis, aliyekuja kuuvamia mji mkuu, mtoni huku moto wa kijani ukiziteketeza. Televisheni iliuacha mnyororo, ikatumia meli moja iliyojaa moto huo. Aliyeandika sehemu ile ni Martin mwenyewe, ambaye aliandika sehemu moja katika kila msimu kuanzia wa 1 hadi wa 4. Aliwahi kuandikia televisheni katika miaka ya 1980 kabla ya vitabu hivi, kwa hiyo alijua fedha za picha zina mipaka. Mbona hapo hatulalamiki?

Tatu, ninyi mnaosifu safari, je, mngekaa kweli kutazama mtu akipanda farasi kwa sehemu nne mfululizo? Kitabu cha tano kina kurasa nyingi za watu walio njiani. Niliziruka baadhi yake, na sioni aibu.

Mwanzisha uzi, Mbale

Dada wa Fort Portal, kuhusu Robert na Cersei umenishinda, na kuhusu Harrenhal pia. Lakini tazama mifano yako yote miwili ilivyo: ni watu wawili katika chumba kimoja, hakuna aliyevuka nchi kwa kufumba na kufumbua, na kila mmoja anaficha jambo ambalo mwenzake halijui. Tywin hajui kwamba anayemmiminia divai ni binti wa Ned Stark. Televisheni iliongeza kutojua, haikukupunguza, na ndiyo maana ilifaulu.

Wala sidai safari ionyeshwe. Kuificha safari ni kazi ya kawaida ya mhariri wa picha. Mtu anafunga mlango huku, anafungua mlango kule, na mtazamaji anaelewa kwamba siku zimepita. Nilichokilalamikia ni kuifuta kana kwamba haikuwapo. Safari iliyofichwa huacha alama zake: mtu anafika amekonda, anakuta mambo yamebadilika, barua aliyoituma imewahi kufika au imepotea. Catelyn na Robb wanaposafiri kwenda kwenye harusi ya nyumba ya Frey, mvua haikomi, mito imefurika, nao wanafika wamelowa, wamechoka na wana njaa. Katika hali hiyo Catelyn anamsihi mwanawe aombe mkate na chumvi mara tu atakapoingia, kwa kuwa mgeni aliyekula chini ya paa la mwenyeji ana kinga. Uchovu wa njia na woga wa mama vinakutana katika tonge moja la mkate.

Na ukisoma polepole, unaona dalili moja baada ya nyingine. Wapiga muziki ni wabovu mno kwa karamu ya ukubwa ule, kwa sababu wengi wao wamekuja na pinde. Wanabadilisha wimbo. Catelyn anamshika mkono Edwyn Frey na kuhisi pete za chuma za vazi la vita chini ya hariri. Televisheni ilimpa Roose Bolton mkono huo, na mabadiliko yale yalikuwa ya busara, maana sura yake tulishaizoea.

Mzee wa Katwe

Vijana wangu, mnasahau kwamba wengi hapa Kampala hawakuitazama kama HBO walivyoitengeneza. Tuliitazama na VJ akieleza kwa Kiganda juu ya sauti za wahusika, wakati mwingine akizimeza kabisa. Wasomi huwadharau VJ, nami nawaambia kwamba katika jambo hili walikuwa waalimu. VJ mzuri hakutafsiri maneno tu. Alitukumbusha kwamba huyu anayecheka hajui kama ndugu yake ameshauawa kule kaskazini, kwamba barua ile tuliyoiona juzi bado haijafika. Alikuwa anaurudisha umbali ambao picha haikuwa na nafasi ya kuusema. Kitabuni kazi hiyo hufanywa na mawazo ya mhusika. Kwa watazamaji wa Kiingereza hakukuwa na wa kuifanya.

Katika misimu ya mwisho VJ alibaki na kazi ya kutangaza mapigano kama mtangazaji wa mpira. Hapakuwa na siri ya kutukumbusha tena.

Mwalimu wa Hoima

Naomba niingize House of the Dragon, tamthilia dada ya hiyo iliyoanza 2022, kwa sababu inaupima mjadala huu kutoka upande mwingine. Kitabu kinachotumiwa huko, Fire & Blood cha 2018, si riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama historia ya mwanachuoni aitwaye Gyldayn, ambaye anaishi miaka mingi baada ya vita vya kugombea kiti kati ya Rhaenyra na ndugu yake Aegon, na anategemea mashahidi wasioelewana: kasisi Eustace anayewaegemea watu wa Mfalme Aegon, na Mushroom, mcheshi wa ikulu anayependa mambo ya chumbani. Hapa umbali ni wa miaka, na msomaji ndiye anayepaswa kuamua nani anasema kweli.

Kwetu sisi hili halina ugeni wowote. Buganda ya 1888 ilipata wafalme watatu katika mwaka mmoja: Mwanga aliondolewa Septemba, Kiwewa akatawazwa, na mwezi uliofuata Kalema akachukua nafasi yake, kisha akawaua wana na mabinti wengi wa kifalme ili asibaki mshindani. Mwanga alikuwa amekimbilia kusini mwa ziwa, Wakristo walikuwa mpakani mwa Nkore, na kila upande ulingoja wajumbe kabla ya kuthubutu kusogea. Maelezo yanayojulikana zaidi ya vita hivyo yaliandikwa na Apolo Kaggwa, ambaye alikuwa upande wa washindi na akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Nikimsoma Gyldayn nafanya kile ninachofanya nikimsoma Kaggwa: ninauliza mwandishi alisimama wapi siku ile.

Televisheni ilichagua kutuonyesha yaliyotokea kweli, na mwanzoni uchaguzi huo ulizaa matunda. Mfalme Viserys, baba yao, akiwa mahututi ananong'ona habari za Aegon wa kale na unabii, na mkewe Alicent anadhani anamtaja mwanawe Aegon kuwa mrithi. Vita vinazaliwa na neno lililosikika vibaya kando ya kitanda. Kumbe hata pasipo safari, umbali unaweza kukaa kati ya mdomo na sikio.

Lakini msimu wa 2 ukarudia kosa la zamani. Rhaenyra anajipenyeza King's Landing kwa mavazi ya mtawa ili aongee na Alicent, na baadaye Alicent anaonekana Dragonstone kumfuata Rhaenyra. Kitabuni hakuna mikutano hiyo. Nakiri ghuba inayotenganisha sehemu hizo si pana. Hata hivyo, malkia wawili walio vitani wakiweza kutembeleana na kuelezana yote, mtazamaji anabaki akijiuliza kwa nini watoto wao wanaendelea kufa.

Binti wa Fort Portal

Mwalimu, hapo nakubaliana nawe, na waigizaji wenyewe ni hodari kiasi kwamba nilichelewa kuona tatizo.

Nina swali moja kwa mwanzisha uzi. Ikiwa umbali ndiyo injini, huoni kwamba ndiyo pia uliomkwamisha Martin? Kitabu cha tano kilitoka 2011, na tangu hapo tunangojea cha sita. Alikuwa na mpango wa kuruka miaka mitano katikati ya hadithi, akauacha. Kitabu cha nne na cha tano ikabidi avigawe kwa maeneo badala ya wakati. Watu kadhaa wanamwelekea Daenerys huko Meereen kwa njia tofauti, na kila mmoja akifika mapema au akichelewa mambo yote yanabadilika. Kitabu cha tano kinaisha Tyrion akiwa hata hajazungumza naye. Watu wa televisheni walikata fundo hilo kwa panga. Ni kweli walijikata vidole, lakini walifika.

Mwanzisha uzi, Mbale

Swali lako ni zito kuliko utetezi wowote niliousikia tangu 2019. Ndiyo, naamini umemkwamisha. Anayekataa kumwondolea mhusika safari analazimika kuzipanga safari zote zikutane, na zikifika kumi hakuna ramani inayomtosha.

Hata hivyo, mtazame Quentyn Martell, ambaye televisheni ilimfuta kabisa. Mwana wa mtawala wa Dorne anatumwa kumposa Daenerys. Maharamia wanawaua wenzake watatu baharini, inambidi ajiunge na askari wa kukodiwa ili asogee mbele, na anafika Meereen Daenerys akiwa karibu kabisa kuolewa na mtu mwingine. Anaona aibu kurudi mikono mitupu, anajaribu kuiba joka, joka linamuunguza, na baada ya siku tatu anakufa.

Binti wa Fort Portal

Quentyn ndiye niliyemruka mimi. Ningekuwa mtayarishaji ningemfuta pia, maana mtazamaji asingekubali kumfuata kijana mpole kwa msimu mzima kisha aunguzwe bila kupata chochote.

Mdau wa Arua

Dada, msafiri mwenyewe alihesabu vilevile, kwamba haiwezekani mtu aende mbali kiasi kile kwa ajili ya kukosa. Hesabu hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye shimo la majoka. Rudi uzisome sura zake. Ni nne tu.